Mahali Penye Ubaridi

Siku mama yake alipoondoka, Philisiwe alikuwa na miaka mitatu, na katika siku hiyo nzima amebakiwa na kitu kimoja tu: mgongo. Mgongo wa mwanamke ndani ya koti la kijivu, ukipanda kilima cha shule kwenda barabara ya basi, na mfuko wa mistari ukimgonga gotini kila hatua. Uso haupo. Sauti haipo. Walimwambia baadaye kwamba alilia hadi akatapika, kwamba babu yake alimbeba akamzungusha zizini kumwonyesha ndama, kwamba mama aligeuka mara mbili kutazama nyuma. Hayo ni ya kuambiwa. La kwake mwenyewe ni mgongo.

MaZungu, ndivyo mama alivyoitwa, kwa jina la ukoo wa kwao, alikuwa anamfuata mumewe. Bhekithemba alifanya kibarua katika kampuni ya kupanda miti, mojawapo ya zile zinazohamisha watu kwa lori, leo huku kesho kule, na mpita njia mmoja alikuwa ameleta habari kwamba kifua kimemkamata vibaya na hana wa kumpikia uji. "Akipata nguvu za kusimama nitarudi naye, Baba," MaZungu alimwambia baba mkwe wake, macho yakiwa chini. Hakurudi naye. Hakurudi.

Zilikuja barua. Hazikupita posta, zilipita mikononi: mtu kampa mtu, mtu kampa dereva wa basi, dereva kaiacha kwenye kaunta ya duka pale mjini Nquthu, mtoto wa shule kaileta nyumbani ikiwa imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kibiriti. Zilikuja nne. Kisha zikakoma. Mwaka ukapita, na nyumbani kwa Mbatha, ukoo wa babu, watu wakaelewa bila mtu kulitamka: mke naye amelala huko huko alikolala mumewe.

Na mtu aliyefia mbali haachwi huko. Roho yake haijui njia. Lazima mtu wa nyumbani aende na tawi la mkunazi wa mwitu mpaka pale alipofia, amwite kwa jina, amwambie twende, amlete. Kazi hiyo aliifanya Ndabenhle, mdogo wake Bhekithemba, ambaye wakati huo alikuwa kijana hajaoa. Ndiye aliyezisoma na barua, kwa kuwa babu hakuwahi kuketi darasani, na bibi alikuwa amekufa zamani. Alizisoma kama vijana wengi wanavyomsomea mzee: anapitisha macho kimya, halafu anatoa kiini. "Anakusalimu. Mgonjwa anakula kidogo. Wako mahali penye ubaridi."

Penye ubaridi ni wapi, kama si kule Ukhahlamba, milima ya theluji, ambako makampuni yana misitu isiyo na mwisho? Ndabenhle akaenda. Akauliza kambi hadi kambi. Hakuna aliyelijua jina la kaka yake. Mwishowe alisimama kwenye makaburi ya vibarua, misalaba isiyoandikwa kitu, akaita, akarudi na matawi yake mawili. Babu aliyapokea, akayashika muda mrefu, akayapima mkononi kama mtu anayepima kuku.

"Mepesi haya," alisema.

Hakusema zaidi. Ndabenhle alikuwa amefanya alichoweza, na mzee hamuumbui mwanawe kwa jambo asilo na ushahidi nalo. Lakini tangu siku ile babu hakuacha kuota ndoto moja: mwanawe amesimama nje ya lango, na mke nyuma yake, wanangoja wakaribishwe, naye anaita na hawamsikii.

Miezi ikaenda. Ndabenhle akaoa, akamleta MaXulu, wakamzaa Menzi. Philisiwe alilelewa na dada yake babu aliyeishi ng'ambo ya kijito, mpaka bibi huyo naye akafa, ndipo MaXulu akamchukua akawa wake. Philisiwe alipofikisha miaka kumi na miwili, miguu ya babu ilianza kuvimba na macho yake yakaingia ukungu. Asubuhi moja alimwita.

"Mtoto wa mwanangu, mimi nakaribia kwenda. Baba yangu atanipokea, na neno lake la kwanza ninalijua. Ataniuliza, 'Yuko wapi mwanao? Yuko wapi yule binti wa watu uliyemtolea ng'ombe?' Nitamjibu nini? Kalete barua. Nataka kuzisikia mimi mwenyewe, neno kwa neno."

Barua zilikaa ndani ya nyumba kubwa ya msonge, kule nyuma kabisa mkabala wa mlango, kwenye umsamo, mahali pa waliotangulia. Hapo ndipo huwekwa nyama ya kafara ilale usiku mmoja na kibuyu cha pombe ya mtama kwa ajili yao. Watoto hawafiki hapo bila sababu. Philisiwe alivua viatu mlangoni. Ndani kulinuka moshi wa zamani na samadi ya ng'ombe iliyosiribwa sakafuni, na kadiri alivyosogea nyuma ndivyo alivyohisi kwamba chumba kimejaa watu walioacha kuzungumza ghafla kwa sababu yeye ameingia.

"Mimi je, babu?" Menzi aliuliza, kichwa kikiwa ndani na miguu nje. Alikuwa na miaka sita na mdomo wa miaka sitini.

"Wewe unajua kusoma?"

"Najua. Ila maneno marefu bado."

"Basi ingia usikilize yale mafupi."

Philisiwe alikunjua ya kwanza. Karatasi ilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mwandiko ulilala upande wa kushoto, kama wake yeye mwenyewe, ule ambao mwalimu alikuwa akimpigia kelele kila wiki aunyooshe. Aliutazama akashindwa kuanza.

"Umemeza ulimi?" Menzi alinong'ona.

"Nyamaza."

Akasoma.

*Baba, nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Mwanao anakula kidogo. Watu wa lori wametuhamisha tena, sasa tuko pale Penye Ubaridi, wanasema miti hapa inakua upesi. Jasho halikauki hata usiku. Nguo nikizianika asubuhi, jioni bado zina maji. Kuna kaa hapa, Baba, wanaopanda miti. Nisingewaona kwa macho yangu ningesema ni uongo. Philisiwe bado anaogopa kuku?*

Babu aliinua mkono. "Hapo. Rudia."

"Wapi, babu?"

"Kaa wanaopanda miti. Ndabenhle hakuwahi kunisomea kaa."

"Labda baba mdogo aliona mama naye ameshikwa na homa, anaweweseka."

"Soma."

Menzi alikuwa amemgeukia Philisiwe, ameziba mdomo kwa viganja viwili. "Ulikuwa unaogopa kuku?" alisema ndani ya viganja. "Kuku?"

Philisiwe hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejali kuliuliza jambo hilo, na sasa lilikuwa limemfikia, miaka tisa baadaye, kwa mkono wa mwenyewe.

Barua ya pili ilisema hivi: *Kuna mitende, Baba, majani yake ni marefu kuliko nyumba kubwa ya hapo ikilazwa mara mbili. Kuna ndege mweupe juu yake, ni tumbusi kabisa, mdomo wa tumbusi, lakini hali mizoga. Anakula matunda ya mtende. Mwanao ameniambia, "Ukiona tumbusi ameacha nyama anakula matunda, ujue tumefika mahali ambapo hatuna adui." Alicheka aliposema hivyo.*

Ya tatu ilikuwa fupi. *Baba, sina mdomo wa kusema hili, naandika kwa sababu mkono hauna haya. Mwanao amelala. Tumemlaza karibu na mitende. Siwezi kumwacha peke yake kwenye nchi ya watu kabla mwaka wa kilio haujaisha. Mtoto mwambieni nakuja.*

Na ya nne, mwandiko ukiwa umelegea: *Baba, na mimi kifua. Nikikawia msinikasirikie. Bado tuko Penye Ubaridi, hatujahama. Mje.*

Babu alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama maji yanavyotoka kwenye mwamba. Kisha Menzi, ambaye kimya kilikuwa kinamwasha mwilini, akauliza:

"Kama ni penye ubaridi, jasho lilikuwa halikauki vipi?"

Swali hilo liliondoka nao mle ndani na halikuwaacha.

Siku zilizofuata walilibeba kila mahali, kisimani, shuleni, malishoni nyuma ya mbuzi. Philisiwe alizijua barua kwa moyo sasa. Menzi alikuja na majibu mapya kila asubuhi, na kila jibu lilikuwa bovu kuliko la jana.

"Walikuwa kwenye friji."

"Menzi."

"Friji kubwa ya bucha. Mpaka umeme ukakatika. Ndiyo maana jasho."

"Na kaa?"

"Kaa ni wa kuuzwa."

"Wakapanda miti ndani ya friji?"

"Basi tafuta lako, mwalimu mkuu!"

Jumamosi moja jua lilikuwa kali hata kuku walitembea midomo wazi. Watoto wawili walikaa juu ya ukuta wa mawe wa zizi, vichwa vitupu, wakibishana. MaXulu alitokeza kwenye mlango wa jiko akiwa na mwiko mkononi.

"Nyinyi! Mnataka ubongo uive? Tokeni juani, nendeni mkakae kwenye ubaridi!"

"Ubaridi gani, mama?" Menzi alimjibu. "Leo ubaridi haupo mpaka Durban!"

"Huko chini ya mti, kichwa maji wewe!"

"Huko chini ya mti pana nini? Sema jina lake! Mti ukiziba jua, chini panabaki nini?"

"Menzi, nikija hapo utalala kifudifudi wiki nzima."

Menzi aliruka ukuta akicheka. Huo ulikuwa mchezo wake wa kila kiangazi. Babu yao aliitwa Mthunzi, maana yake kivuli kwa lugha yao, na mkaza mwana hawezi kuliweka jina la baba mkwe wake mdomoni, hata pale jina hilo linapokuwa si mtu bali kile kitu cheusi kilicholala chini ya mti. Tangu aolewe, MaXulu hakuwahi kutamka kivuli. Alisema ubaridi. Watoto walikuwa wamelisikia neno hilo kila siku ya maisha yao mpaka wakaacha kulisikia.

Philisiwe hakucheka. Alibaki palepale juu ya ukuta, jua likimpiga utosini.

"Menzi. Rudi."

"Nini? Unaumwa?"

"Mama yangu alikuwa mkaza mwana wa hapa."

"Ndiyo. Kwani nani amekataa?"

"Mama yako hasemi kivuli. Na mama yangu je, angesemaje?"

Menzi alirudi, akapanda ukuta akaketi karibu naye. Jibu alilisema polepole, kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue ameonwa.

"Lile basi la Empangeni. Lina majina ya miji ubavuni."

"Limeandikwa nini?"

"Limeandikwa Mthunzini."

Walishuka wakakimbia jikoni. Philisiwe hakueleza kitu. Alipiga magoti tu mbele ya MaXulu akaanza kumsomea kwa kichwa barua ya kwanza, kuanzia salamu. MaXulu alisikiliza akikoroga. Halafu mwiko ukasimama. Barua zile hazikuwa zake kuzigusa, zilikuwa za umsamo wa wenye nyumba, na mkaza mwana hafiki huko. Kwa hiyo alikuwa amekaa miaka yote hii hatua chache kutoka kwenye maneno ya mwenzake bila kuyasikia.

"Rudia mahali walipo," alisema.

"Pale Penye Ubaridi."

MaXulu aliketi chini sakafuni. "Ewe mama yangu," alisema. "Huyu alilelewa. Sikumkuta, hakunikuta, na anazungumza kwa kinywa changu." Alijipangusa uso kwa pindo la shuka lake la mabegani. "Mtu anamzika mume nchi ya ugenini, mwenyewe anaumwa, hakuna mkwe wa kumsikia hata mmoja, na bado analiruka jina. Mpaka kwenye karatasi. Hata kufa hakukumfanya alikanyage."

"Ni Mthunzini, mama mdogo?"

MaXulu aligeuza uso haraka, kana kwamba mtoto amemrushia majivu. "Usinitajie mimi. Nenda kamwambie mwenyewe."

Kumwambia mwenyewe ndiko kulikokuwa kugumu. Mjukuu hakatazwi kama mkaza mwana, lakini ni mtoto gani anayesimama mbele ya mzee akamtaja kwa jina tupu? Siku zote alikuwa Babu, au Shandu kwa sifa ya ukoo. Philisiwe alimkuta ameegemea ukuta wa nyumba kubwa, miguu imenyooshwa juu ya mkeka. MaXulu alifuata nyuma akaketi mbali, akiwapa mgongo, ili asikie bila kusikia.

"Shandu, naomba unisamehe. Nitasema jina lako."

Babu aliinua macho yake yenye ukungu. "Sema."

"Mama hakuwahi kusema wako kwenye baridi. Alisema wako mahali ambapo yeye hawezi kupataja. Wako Mthunzini, babu. Pwani. Ndiyo maana jasho halikauki. Ndiyo maana kuna kaa."

Nzi alitua juu ya goti la babu, akatembea, akaruka. Philisiwe alidhani hakusikia, akataka kurudia, ndipo akaiona midomo ya mzee ikilijaribu jina lake mwenyewe taratibu, kana kwamba limeletwa leo kutoka dukani.

"Jina langu," alisema hatimaye. "Miaka yote hii mimi nawaita langoni, na wao wamekaa ndani ya jina langu."

Akavua kofia yake, akaiweka chini. Hakuna aliyewahi kumwona akivua kofia mchana.

Ndabenhle alifanya kazi ya uashi Newcastle, mji wa jirani, na alirudi mwisho wa mwezi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, sahani ya chakula mkononi, na walipomaliza aliiweka chini bila kula.

"Kwa hiyo mnaniambia nini? Kwamba nililala kwenye theluji, nikamwita kaka yangu mbele ya makaburi ya watu wengine?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nililipa viti viwili kwenye basi. Safari nzima nilikuwa nawaambia, kaka, hapa tunavuka mto, shemeji, hapa tunapanda. Nilikuwa nasema na nani? Nani alikaa kwenye vile viti?"

"Baba Menzi," MaXulu alisema kutoka mkekani, "wewe hukukosea kusoma. Nyumba hii ilikuwa ya wanaume watupu. Nani angekusikilizia lugha ya mkaza mwana?"

"Mimi kazi hiyo nilishaifanya," Ndabenhle alisema. "Siwezi kwenda tena kuwa mjinga mbele ya wafu." Akatoka. Walisikia akipasua kuni nje, kuni ambazo hazikuhitajika. Babu hakumwita. Alitazama mlango, na Philisiwe akajua kwamba mzee hana nguvu ya kumwamrisha mtu mzima, wala hana muda wa kumngojea.

Akatoka yeye. Alisimama pembeni mpaka shoka likapumzika.

"Baba mdogo."

"Nini?"

"Mwandiko wa mama unalala kushoto. Na wa kwangu unalala kushoto. Nilikuwa sijui niliutoa wapi."

Ndabenhle aliligonga shoka kwenye gogo likabaki limesimama. "Kesho tafuta mkunazi wenye miiba mizuri," alisema. "Na wewe utakuja. Wakati wa kurudi mimi sitaruhusiwa kusema na mtu aliye hai. Utakuwa mdomo wangu."

Menzi alilia kwa kuachwa mpaka akapata kwikwi.

Walishuka kupitia Melmoth na Empangeni, na kadiri walivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito, hata shati la Ndabenhle likashikana na mgongo. Mthunzini walishuka kando ya barabara, mashamba ya miwa upande mmoja na misitu ya mikalitusi upande wa pili. Waliulizia kambi ya zamani ya wapanda miti. Wakaelekezwa kwa mwanamke mzee aliyekuwa akiuza magimbi ya kuchemsha chini ya turubai, MaGwala, ambaye, walisema, ndiye pekee aliyebaki tangu siku za malori.

MaGwala alikuwa akimenya gimbi. Alimwona Philisiwe, na gimbi likamtoka mkononi likaviringika hadi barabarani.

"Wewe," alisema. "Uso huo ni wa mama yako. Wewe ni yule aliyekuwa anaogopa kuku."

Alifunika magimbi yake, akatangulia mbele yao kuelekea makaburini.

"Tuliwapelekea habari," MaGwala alisema walipokuwa wakitembea. "Mama alipofariki tuliandika. Tulimpa dereva, sijui kama ilifika. Tukasema watakuja. Tukangoja, tukasema, kumbe wengine hawana watu. Lakini yeye alikuwa akiwataja sana. Kila jioni. Mtoto hivi, mkwe wangu vile."

"Alisumbuka?" Ndabenhle aliuliza.

"Miezi minne. Mwishoni alilala tu."

Njia iliingia kwenye mitende. Philisiwe alikuwa amezisoma barua mara nyingi kiasi cha kudhani ameshaviona vitu hivi, lakini karatasi haikuwa imemwandaa. Majani yalipanda kutoka ardhini kwenda juu kama mbavu za kitu kilichokuwa kikubwa kuliko nyumba, yakakutana huko angani, na mwanga uliopita kati yake ulikuwa wa kijani na ulitulia usoni kama maji. Palikuwa na ubaridi kweli. Jasho lake lilikauka kwa mara ya kwanza tangu Empangeni. Juu kabisa, kwenye shada la matunda, tumbusi mweupe alikuwa anakula, akidondosha maganda, bila haraka na bila kuwaogopa. Na mbele, pale ardhi ilipogeuka tope, alimwona kaa mwekundu ameshika shina la mkoko, akipanda. Kila neno lilikuwa kweli. Mama yake alikuwa amesimama hapa, amekitazama hiki, akaenda akakiandika jinsi kilivyo.

Makaburi yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu, yamezungushiwa mawe. MaGwala aliyafagia kwa tawi, akajitenga.

Ndabenhle alivua viatu. Alilaza tawi moja juu ya kila kaburi, na miiba yake miwili miwili, mmoja umenyooka kuelekea waendako na mwingine umepinda kurudi walikotoka. Sauti yake ilianza chini.

"Kaka. Mwana wa Mbatha. Nilikuita mahali usipokuwepo. Shemeji, binti wa Zungu, ulinionyesha njia nikaisoma vibaya. Leo nimeletwa na mtoto wenu. Baba hajafa, anawangoja, lango liko wazi. Inukeni twende nyumbani."

Upepo haukuvuma. Hakuna kilichotikisika. Lakini Philisiwe alijikuta amesogea kando kidogo, bila kufikiri, kama mtu anavyompisha mwingine kwenye njia nyembamba.

Ndabenhle aliyainua matawi, na tangu hapo hakusema tena na mtu yeyote anayepumua.

Kondakta wa basi la Empangeni alikuwa kijana mwenye kofia ya rangi ya chungwa. "Dada mdogo, mko wawili unaniambia viti vinne? Huyo mzee wako anakaa viti vitatu?" Abiria wakacheka. "Au mna mbuzi mmemficha?"

"Ni wazazi wangu," Philisiwe alisema.

Kijana alitazama nyuma yake kuwatafuta, kisha akayaona matawi kifuani mwa Ndabenhle. Kofia ilitoka kichwani kabla hajajua ameivua. Kicheko kilikufa kiti baada ya kiti kwenda nyuma. Mtu akaacha kutafuna. Dereva, bila kuambiwa, alinyoosha mkono akazima muziki. Kikongwe mmoja aliyekuwa amekaa dirishani aliinuka na vikapu vyake, akahamia mbele, akasema, "Wakae hapa, waone njia."

Basi likaondoka. Penye daraja la mto Mhlathuze, Ndabenhle aliinamia viti viwili vitupu vya upande wa dirisha.

"Kaka, shemeji. Tunavuka mto."

Philisiwe alikuwa ameketi kando ya kile cha kulia. Hakukigusa. Alisogeza kiwiko chake ndani ili kisiingie kwenye nafasi ya mwenzake, na alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuubadilisha.

Nyumbani babu aliyapokea matawi langoni, akayapima mkononi, akasema, "Haya yana uzito," na ile ndoto haikumrudia. Alifariki mwezi wa nane mwaka ule ule, usingizini. Makaburi mawili ya Mthunzini bado yako kule kule kati ya mitende. Kila Pasaka Philisiwe na Menzi hupanda basi kwenda kufyeka nyasi zake, na MaGwala huwachemshia magimbi.